BIOS Huria: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Pesa

Mwaka 2015 baadhi ya wenye laptopu za Lenovo waligundua jambo lililowashangaza. Walifuta diski, wakaweka Windows upya kutoka kwenye DVD safi, na bado programu za kampuni zikarudi zenyewe. Hazikuwa kwenye diski wala kwenye DVD. Zilikaa ndani ya BIOS, ile programu dhibiti iliyoandikwa kwenye chipu ndogo ya ubao mama, na BIOS ndiyo iliyokuwa ikizipachika ndani ya Windows mashine inapowaka. Lenovo ilitoa toleo jipya la kuziondoa. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba chini ya Windows au Linux kuna programu nyingine inayoamka mapema zaidi, yenye mamlaka makubwa zaidi, na ambayo karibu kila kampuni huifungia isisomwe na mtu wa nje.

Desemba 2023 likaja somo la pili. Watafiti wa kampuni ya Binarly walionyesha kwamba nembo inayotokea kwenye skrini wakati kompyuta inawaka inaweza kubadilishwa na picha iliyoundwa kwa hila, ikawa mlango wa kuingizia programu hasidi. Udhaifu huo, waliouita LogoFAIL, ulikuwamo kwenye BIOS za AMI, Insyde na Phoenix, wauzaji watatu wanaolisha sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Mwenye mashine ambayo kampuni yake ilishaacha kuitolea matoleo mapya alibaki na udhaifu wake mkononi.

Mbadala upo, na una umri wa zaidi ya miaka 25. Mwaka 1999 Ron Minnich, akiwa katika maabara ya taifa ya Los Alamos huko New Mexico, Marekani, alianzisha mradi wa LinuxBIOS. Mwaka 2008 ukabadilishwa jina kuwa coreboot. Kazi yake ni fupi: kuamsha RAM na vifaa vya msingi, kisha kuikabidhi mashine kwa programu ya pili inayotafuta mfumo endeshi, iwe SeaBIOS, GRUB au EDK II. Watu wachache huchukua coreboot yenyewe kama ilivyo. Wengi huipata kupitia wasambazaji walioifungasha tayari kwa matumizi: Libreboot iliyoanzishwa na Leah Rowe, Dasharo ya kampuni ya 3mdeb ya Gdańsk, Poland, Heads ya Trammell Hudson kwa wenye hofu ya kuchezewa mashine, na MrChromebox kwa wenye Chromebook. Haya ndiyo majina ambayo mnunuzi ataendelea kukutana nayo.

Kinachosumbua ni kupata mashine itakayoikubali.

Kwa prosesa za Intel, kikwazo kikubwa kinaitwa Boot Guard. Kilianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Kiwandani, mtengenezaji wa kompyuta huchoma alama ya ufunguo wake ndani ya chipu za Intel, na alama hiyo haifutiki tena. Tangu siku hiyo mashine itakagua saini ya BIOS kabla ya kuiruhusu ifanye kazi, na isiyo na saini ya mtengenezaji haiwaki. Ndiyo maana ThinkPad X230 ya mwaka 2012, mashine iliyochakaa ambayo maduka mengi huiuza kwa bei ya kuondolea mzigo, hupokea coreboot bila ubishi, ilhali ndugu yake wa mwaka 2021 mwenye prosesa ya nguvu mara kadhaa huikataa kabisa. Kuanzia kizazi hicho cha Haswell, umri hausaidii kukisia, wala bei, wala umaarufu wa chapa. Kinachoamua ni kama mtengenezaji aliutia ule ufunguo au aliuacha.

(Ulinzi huo nao una kejeli yake. Mwaka 2023 wahalifu wa mtandaoni waliivamia MSI, na miongoni mwa vitu vilivyovuja, kwa mujibu wa Binarly, vilikuwamo funguo za siri za Boot Guard za bidhaa kadhaa za kampuni hiyo. Ufunguo uliochomwa kwenye chipu haubadilishwi kama nywila.)

Kabla ya kuzunguka madukani, mnunuzi aamue pia neno “huria” analitaka kwa kiwango gani, maana hapa watu wengi hununua kitu kimoja wakidhani wamenunua kingine. Ndani ya mashine za Intel kuna kompyuta nyingine ndogo, Management Engine, yenye programu yake iliyofungwa. Kwenye mashine kama ThinkPad X200 ya mwaka 2008 inaweza kuondolewa yote. Kwenye vizazi vilivyofuata haiondoki: ukiitoa, mashine hujizima baada ya dakika 30, kwa hiyo mafundi huipunguza hadi kubaki na kipande cha kuwashia tu kwa kutumia zana ya me_cleaner, au huiamuru ilale. Juu ya hapo, vizazi vipya vya Intel vinahitaji FSP, kifurushi cha Intel chenye msimbo usiosomeka, ili RAM iamke. AMD nao wana prosesa yao ya usalama iliyofungwa. Hivyo laptopu mpya yenye coreboot ni huria kwa sehemu kubwa, lakini si yote, na muuzaji anayedai ni yote ama hajui au anadanganya.

Leah Rowe mwenyewe alikubali ukweli huo Novemba 2022, Libreboot ilipoacha msimamo wa kukataa kila faili iliyofungwa na kuchukua sera ya kuzipunguza kadiri inavyowezekana. Waliokasirika walikuwapo, na kwa ajili yao Rowe hutoa Canoeboot, isiyokubali faili kama hizo. Kwa mnunuzi wa kawaida uamuzi ule ulikuwa neema, kwa sababu idadi ya mashine zinazofaa iliongezeka sana.

Tuanze na anayetaka mpya kutoka kiwandani na ana pesa za kutosha. System76 ya Denver, Colorado, ilianza kuuza laptopu za Galago Pro na Darter Pro zenye coreboot mwaka 2019, na imefungua hata programu ya ile chipu inayosimamia kibodi, feni na kuchaji betri, jambo ambalo ni nadra. Lakini chapa isimvutie mtu akaacha kusoma maelezo: laptopu yao ya Pangolin, yenye prosesa ya AMD, imekuwa ikiuzwa na BIOS iliyofungwa, na kompyuta zao za mezani za Thelio hutumia mbao mama za kampuni nyingine pamoja na BIOS zake. Uholanzi kuna NovaCustom, wanaotumia Dasharo, na laptopu zao za V54 na V56 zenye prosesa za Intel Core Ultra zimethibitishwa na mradi wa Qubes OS, mfumo endeshi wenye kuzingatia usalama, ambao hautoi uthibitisho huo kirahisi. Uingereza kuna Star Labs, ambao humpa mnunuzi nafasi ya kuchagua coreboot anapoagiza. Purism wa California huuza Librem 14 pamoja na kiufunguo cha USB kinachowaka taa ya kijani ikiwa BIOS haijaguswa, na nyekundu ikiwa kuna aliyeichezea.

Msomaji aliyeko Ulaya au Amerika Kaskazini atazipata kwa urahisi wa kuagiza bidhaa yoyote. Aliyeko Dar es Salaam au Nairobi aongeze kwenye hesabu gharama ya usafiri na ushuru, halafu ajiulize: ikiharibika ndani ya muda wa dhamana, ni nani atakayelipia kuirudisha Denver?

Kwa kompyuta ya mezani mpya, chaguo lililo wazi kuliko yote ni ubao mama wa MSI PRO Z690-A. Mwaka 2022 watu wa 3mdeb walitoa Dasharo kwa ajili yake, wakafuatia na PRO Z790-P. Ni mbao za kawaida kabisa, zinazouzwa kwa wacheza gemu na maofisi, na hupokea prosesa za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14. Ziliwezekana kwa sababu moja tu: MSI haikuzifunga kwa Boot Guard. Hapa jina kamili lina uzito wa pesa. Z690-A ipo ya DDR4 na ya DDR5, na faili ya BIOS ya moja haifai kwenye nyingine. Anayejenga ruta au ukuta wa kulinda mtandao wa ofisi aangalie visanduku vya Protectli vya Marekani, vinavyoweza kuagizwa vikiwa na coreboot tayari.

Upande wa AMD, mambo bado yako jikoni. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza openSIL, msimbo huria wa kuamshia prosesa zake, ikilenga ushike nafasi ya ule uliofungwa kuanzia mwaka 2026. Anayenunua leo asilipie ahadi. Anunue kinachofanya kazi leo.

Chromebook zinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndizo mashine za coreboot zilizosambaa kuliko zote duniani, na wenye nazo wengi hawalijui hilo. Tangu mwaka 2012 Google imekuwa ikitumia coreboot kwenye Chromebook zenye prosesa za Intel, na baadaye za AMD pia. Zinauzwa mpya kila mahali, na zilizotumika hupatikana kwa bei ya simu ya kawaida. Kila moja ina jina lake la ndani. Pixelbook ya mwaka 2017, kwa mfano, huitwa Eve. Jina hilo hupatikana kwa kubonyeza Esc, kitufe cha kuonyesha upya ukurasa na kitufe cha kuwashia kwa pamoja, kisha kusoma mstari ulioko chini ya skrini inayotokea. Likishajulikana, linalinganishwa na orodha ya MrChromebox: zipo zinazokubali kubadilishiwa BIOS nzima na kuendesha Linux au Windows kama laptopu nyingine, na zipo zinazokubali nusu tu. Zenye prosesa za ARM hazimo.

Kufuli la Chromebook halina siri, na mwenye mashine anaweza kulifungua. Kwenye za zamani ni skrubu moja kwenye ubao mama: ukiitoa, chipu inaandikika. Kwenye nyingi za baadaye inabidi kuchomoa betri au kutumia kebo maalumu ya USB. Mtego uko kwingine. Chromebook nyingi zilizotumika zilikuwa mali ya shule za Marekani, na shule huzisajili chini ya usimamizi wake. Ambayo haijafutwa kwenye usajili huo huonyesha jina la shule au taasisi inapowashwa, na hukataa kuingia kwenye hali ya wasanidi, ambayo ndiyo mlango wa kila kitu kinachofuata. Basi mnunuzi asikubali kuonyeshwa Chromebook iliyozimwa. Aiwashe, aifute, aanze upya mbele ya muuzaji, aone kama jina la shule litarudi. Aangalie pia RAM na hifadhi, kwa sababu mara nyingi zimechomelewa; yenye GB 4 za RAM na GB 32 za hifadhi itabaki hivyo maisha yake yote.

Lakini kwa soko la Afrika Mashariki, ambako maofisi ya Ulaya na Ghuba humwaga laptopu zao za zamani, mfalme ni ThinkPad T480. Ilitoka mwaka 2018 ikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha 8, ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya kuchomoa. Kariakoo au katikati ya Nairobi si mashine ya kutafutwa kwa tochi. Kwa haki ilipaswa kuwa imefungwa, maana Lenovo iliitia Boot Guard. Kilichoifungua ni kosa la Intel wenyewe. Novemba 2017 Intel ilikiri udhaifu kadhaa ndani ya Management Engine, ukiwamo uliogunduliwa na watafiti wa Positive Technologies. Miaka kadhaa baadaye msanidi Mate Kukri alitumia mmoja wa udhaifu huo kutengeneza zana iitwayo deguard: inaiwekea mashine toleo la zamani la Management Engine lenye kosa lile, kisha kupitia kosa hilo kufuli la Boot Guard linazimwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 Libreboot ikatangaza kuzikubali T480 na T480s. T490, iliyotoka mwaka mmoja baada yake na inayofanana nayo kwa mbali, ina Management Engine ya kizazi kingine kisicho na kosa hilo. Muuzaji atakayesema “ni zilezile tu, bosi” ashukuriwe na kuachwa.

Wenye mfuko mwembamba zaidi wana X230, T430 na T440p. Kwenye X230 kuna faida ndogo inayowafurahisha mafundi: BIOS ya Lenovo hukataa kadi ya WiFi isiyo kwenye orodha ya kampuni, na coreboot haina habari na orodha hiyo. Asiyetaka kushika bisibisi atafute Dell Latitude E6400 au E6430. Hizo huwekewa Libreboot kutoka ndani ya Linux bila kufunguliwa hata skrubu moja, na E6430 bado inamudu kazi za ofisi.

Dukani, mnunuzi aende na flashi ya USB yenye Linux. Aiwashe mashine kwa flashi hiyo, afungue dirisha la amri, aandike cat /sys/class/dmi/id/product_name, kisha arudie kwa product_version (ambako ThinkPad huandika jina la modeli) na board_name badala ya product_name. Jibu linatoka kwenye BIOS, na mara nyingi linasema zaidi ya stika iliyobandikwa chini ya laptopu, ambayo huweza kuwa imetoka kwenye mashine nyingine. Amri ya fwupdmgr security huonyesha mistari kadhaa kuhusu BootGuard, ikiwa ni pamoja na kama alama ya mtengenezaji imeshachomwa. Na anayeuziwa mashine kwa kuambiwa “hii tayari ina coreboot” aandike cat /sys/class/dmi/id/bios_vendor. Kwa kawaida itajibu coreboot. Ikijibu LENOVO, mazungumzo ya bei yaanze upya.

Zipo njia za pembeni. Kwa anayetaka uhuria hadi kwenye msimbo wa mwanzo kabisa na ana maelfu ya dola, Raptor wa Marekani huuza ubao mama wa Talos II wenye prosesa za POWER9 za IBM, uliopewa alama ya kuheshimu uhuru wa mtumiaji na Free Software Foundation mwaka 2019, ila hauendeshi Windows. Kwenye ARM, kazi hii hufanywa zaidi na U-Boot, na laptopu ya Pinebook Pro yenye chipu ya RK3399 inaweza kuwaka kwa msimbo huria mtupu. Raspberry Pi, pamoja na sifa zake zote, huanza kwa msimbo uliofungwa.

Likija suala la kuflashi, yaani kuandika BIOS mpya kwenye chipu, kazi yenyewe ni ndogo na madhara ya kukosea ni makubwa. Kwenye T480, betri ya ndani huzimwa kwanza kutoka kwenye mipangilio ya BIOS, kisha kifuniko cha chini kinafunguliwa na betri zote zinachomolewa. Chipu ya BIOS ni ile yenye miguu minane na ujazo wa MB 16. Kibanio hushikishwa juu yake, waya wa pini ya kwanza ukiwa upande wa kinukta kilichochongwa kwenye chipu, na upande wa pili huingia kwenye kifaa cha kuflashia kilichounganishwa na kompyuta nyingine. Mafundi wengi wa simu tayari wana CH341A, kile kibao cheusi cha bei ya chee. Kina kasoro inayojulikana: kinapeleka voliti 5 kwenye nyaya za data ilhali chipu inataka 3.3. Raspberry Pi Pico iliyowekewa programu ya serprog haina tatizo hilo, na nayo haina bei kubwa.

Kabla ya kuandika chochote, chipu isomwe mara mbili: flashrom -p ch341a_spi -r nakala1.bin, kisha tena kwa jina la nakala2.bin. Halafu sha256sum nakala1.bin nakala2.bin. Namba ndefu mbili zitakazotokea zisipolingana herufi kwa herufi, kibanio hakijakaa vizuri, na mtu asiendelee. Zikilingana, nakala moja ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo. Ndiyo tiketi ya kurudia. Kwa Libreboot kuna hatua ambayo wengi huiruka: faili zake za T480 hazina vipande vya Intel visivyoruhusiwa kusambazwa, kwa hiyo lazima viingizwe kwa zana ya mradi kabla ya kuflashi, la sivyo mashine haitawaka. Katika hatua hiyohiyo mtu huiwekea mashine anwani yake ya MAC, ili laptopu mbili za ofisi moja zisijitambulishe kwa anwani ileile kwenye mtandao. Na programu ya tundu la Thunderbolt isasishwe kwanza, wakati BIOS ya Lenovo bado ipo, kwani matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na kasoro inayoweza kuliharibu tundu la USB-C.

Anayehitaji Windows kazini achague Dasharo au MrChromebox, ambazo hutumia EDK II; Libreboot imelenga Linux na BSD.

Kwa mwenye bajeti ya kawaida na fundi anayemwamini, T480 iliyotumika inashinda zote kwa sasa. Asiye na fundi anunue Latitude E6430 au alipie laptopu iliyotoka kiwandani na coreboot. Mwenye kompyuta moja tu, inayomwingizia riziki, asiifanyie majaribio hata kidogo. Na wewe unayekwenda dukani wiki hii, fungua kwanza orodha ya mashine zinazokubaliwa na mradi ulioukusudia, unakili jina kamili pamoja na namba zake zote, uende nalo mfukoni. Ukikuta lililoko kwenye skrini linatofautiana hata kwa herufi moja, mwachie muuzaji mashine yake.